Askari Jela na Amri ya Mkubwa Wake

Wazungumzaji watatu wa mjadala huu nimewaunda mwenyewe, wao pamoja na visa vya maisha yao. Historia na sheria wanazobishania ni za kweli. Sajini ni mstaafu wa magereza, mtu wa bara aliyehamishiwa Kaunti ya Tana River akiwa kazini na asirudi kwao tena. Mwalimu hufundisha historia Hola. Mama huuza maembe na ndizi Garsen, na kitinda mimba wake yuko rumande akingoja kesi. Nimewaketisha chini ya paa la makuti pale Minjila, karibu na Garsen, ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika: mkono mmoja huingia Garsen na kuvuka mto kuelekea Witu na Lamu, mwingine hupanda kwenda Hola na Garissa. Anayetoka mahakama ya Garsen na pingu mkononi kuelekea Hola hupita hapo, na anayemlinda pia hupita hapo.

Hoja ni hii: askari jela aliyetii amri ya mkubwa wake asibebeshwe lawama. Sajini anaiunga mkono. Mwalimu anaipinga. Mama aliombwa asikilize tu, akakataa.

SAJINI: Nitaanza na siku yenyewe ilivyo, kwa sababu watu wengi hutuhukumu bila kuijua. Wanadhani kazi yetu ni kufunga na kufungua milango. Kazi kubwa ni kuhesabu. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi uko kwenye gwaride, sare imepigwa pasi, unasomewa zamu yako. Wenzako wa usiku wanakukabidhi bweni na kukuambia humu mna watu kadha. Hutii sahihi kwa kuambiwa. Mlango unafunguliwa, watu wanatoka, wanachuchumaa watano watano, nawe unapita mbele yao ukinyoosha kidole. Kitabu kikisema 60 na kidole kikisema 59, hapo hakuna uji, hakuna shamba, na wale wa usiku hawaendi kulala. Mnaanza upya. Huenda yule mmoja yuko chooni tumbo linamsokota. Huenda hayupo kabisa. Dakika hizo askari anaiona kazi yake, chumba anacholala na karo ya watoto wake.

Baada ya uji wanagawanywa: hawa jikoni, hawa kuni, hawa shambani. Mimi nikipewa kumi wa shamba, nabeba bunduki, wao majembe, jua la Hola linatupiga wote. Nanyi mnaujua mmea wa mathenge ulivyotapakaa huku. Mtu akiingia humo hatua chache tu humwoni tena, na ukimfuata unachanwa na miiba. Kwa hiyo macho hayapumziki. Alasiri mnarudi, mnapekua kila mmoja langoni, mfukoni, kwenye pindo la kaptura, mnahesabu tena, mnafunga. Hapo mwananchi aliyeko nje anasema askari amemaliza kazi.

MAMA: Na sisi tulio nje ya lango, afande? Mbona hujatuhesabu?

SAJINI: Nitafika kwenu, mama.

MAMA: Fika sasa. Mimi nimesimama kwenye jua hilo hilo unalolisema, na mkungu wa ndizi begani. Nimeambiwa muda wa kuona wafungwa umekwisha. Nikamwambia kijana aliyekuwa langoni, baba, nimetoka mbali, gari liliharibika njiani. Akaniambia, mama, ni amri. Nikamuuliza, amri ya nani? Hakujua.

SAJINI: Alijua. Hakuruhusiwa kukutajia.

MWALIMU: Hapo ndipo ninapotaka tuanzie, kwenye hilo neno amri. Sajini, umetueleza siku yako vizuri, na sina shaka nayo. Sasa niruhusu nikueleze siku ya askari wengine, kwa sababu ilitokea mahali unapoishi.

Tarehe 3 Machi 1959 askari jela wa kambi ya Hola walitii amri. Kambi ilikuwa na watu wa Mau Mau ambao serikali ya mkoloni iliwaita sugu, waliokataa kukiri viapo na kukataa kazi ya kulazimishwa kwa kuwa walijihesabu wafungwa wa siasa. Afisa mwandamizi wa magereza, John Cowan, alikuwa ameandika mpango: watolewe kwa vikundi vidogo, askari wawe wengi kuwazidi, wakikataa kazi walazimishwe kwa nguvu. Mpango ulipanda ngazi hadi kwa mawaziri Nairobi, ukakubaliwa. Siku ya kuutekeleza, mkuu wa kambi, Sullivan, hakuwatoa kwa vikundi vidogo. Aliwatoa watu 85 pamoja kwenda kuchimba mfereji wa mradi wa kunyunyizia mashamba, wamezungukwa na askari wenye marungu. Watu 11 walikufa kwa kipigo. Wengine wengi walivunjika na kuumia vibaya.

Halafu sikiliza serikali ilivyosema. Taarifa ya kwanza ilidai walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Umekaa Hola, unalijua joto la mwezi wa tatu. Waliuchagua uongo huo kwa sababu ya mahali penyewe. Walijua mtu wa London akisoma jina la Hola kwenye ramani, akaambiwa ni jangwa, atakubali kwamba mtu anaweza kufa kwa kunywa maji huko.

MAMA: Maji! Sisi tunaoishi na mto huu.

MWALIMU: Maji, mama. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kupigwa. Hakimu Goudie akaendesha uchunguzi wa vifo, akathibitisha kuwa walikufa kwa kipigo. Bunge la Uingereza likawaka. Barbara Castle wa chama cha Labour aliling'ang'ania jambo hilo, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Enoch Powell, mtu wa chama tawala chenyewe, akasimama na kusema serikali yake haiwezi kuwa na haki ya aina moja Uingereza na aina nyingine Afrika. Kabla ya mwaka kwisha waziri wa makoloni alikuwa mwingine.

SAJINI: Na walioshika marungu?

MWALIMU: Hakuna aliyeshtakiwa. Ilisemwa haiwezekani kujua rungu la nani lilimuua nani. Sullivan alistaafishwa na mafao yake.

SAJINI: Basi umenisaidia, mwalimu. Umetaja Cowan, Sullivan na mawaziri. Wote hao walikuwa na meza na wino. Wale waliokuwa na marungu walikuwa Waafrika wa mshahara mdogo, wamepangwa mstari, wameambiwa wafungwa hawa ni hatari na watawaua msipowawahi. Nani alimuuliza askari maoni yake? Wazee walisema mjumbe hauawi.

MWALIMU: Mjumbe hubeba maneno, Sajini. Hawa walibeba marungu.

Hapo Sajini alinyamaza kidogo, nami nitumie nafasi hiyo kusema langu, kwa maana msimamizi wa mjadala anayejifanya hana upande huwapotezea wasomaji muda. Siamini kwamba utii unamsafisha mtu. Lakini nimechoka pia na desturi yetu ya kumtafuta askari wa chini kila gereza linapotuaibisha, kumvua sare mbele ya kamera, kisha kurudi kulala. Tarehe 15 Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, wakakamatwa Kitui siku chache baadaye. Askari walikamatwa mara moja. Mara hii, kwa haki, kamishna mkuu Wycliffe Ogallo naye aliondolewa. Imekuwa nadra kuona lawama ikipanda ngazi hadi juu namna hiyo, na ilipanda kwa sababu waliotoroka walitutia hofu sisi tulio nje. Sikumbuki ikipanda kwa kasi hiyo pale aliyeumia alipokuwa mfungwa.

SAJINI: Ahsante. Sasa nijibu jambo la mjumbe. Mwalimu, wewe unazungumza kana kwamba amri mbaya huja na alama usoni. Ukiwa gerezani amri ni mia kwa siku. Fungua, funga, pekua, hamisha huyu, usiongee na yule. Nikianza kupima kila moja, na mwenzangu apime, na wa mnarani naye apime, kabla ya saa sita gereza si letu tena. Na atakayeumia kwanza ni mfungwa dhaifu, yule kijana asiye na ndugu bwenini, anayenyang'anywa blanketi na chakula. Nidhamu ya askari ndiyo kinga yake. Nyinyi hamlioni hilo kwa sababu hamlali humo.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Agosti 2012 Delta ya Tana iliwaka, Wapokomo na Waorma. Riketa peke yake, tarehe 22, zaidi ya watu 50 waliuawa siku moja, wengi wanawake na watoto. Septemba ikafuata Kilelengwani, na humo polisi nao wakafa. Sasa fikiria wewe ni askari jela wakati kama huo. Analetwa kijana wa upande huu na kijana wa upande ule. Nani atalala na nani? Nani atashika sufuria ya uji? Nani atakwenda shambani na jembe mkononi, nyuma ya nani? Mkubwa akisema watenganisheni, unatenganisha sasa hivi, huombi maelezo.

MWALIMU: Nakubali. Amri hiyo ni halali, nami ningeitii.

MAMA: Mimi nina watu Kau na nina watu Kipini. Mwaka ule nilikuwa nikisikia gari usiku nalala chini ya kitanda. Afande, amri ya kuwatenganisha watu wasichinjane hakuna mama atakayeipinga. Usituwekee hiyo mbele ili upitishe nyuma yake nyingine.

SAJINI: Sipitishi kitu, mama.

MWALIMU: Basi tuzungumzie hiyo nyingine. Kenya hii, hadi 2003, mfungwa aliweza kuchapwa viboko kwa mujibu wa sheria. Mwaka huo sheria ikabadilishwa, viboko vikafutwa. Askari yule yule, mkono ule ule, jana alikuwa akitekeleza adhabu, leo anatenda kosa. Ikaja Katiba ya 2010. Ibara ya 25 inasema haki ya kutoteswa haiwezi kuwekewa mpaka wowote, hata wakati wa hatari. Ibara ya 51 inasema mtu aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo kifungo chenyewe hakiruhusu. Mwaka 2014 ikatungwa sheria mahsusi ya watu walionyimwa uhuru. Sajini, hizo zote ni amri pia. Zimetoka juu kuliko mkubwa yeyote wa gereza. Mkubwa akikuambia umpige mtu aliyefungwa pingu, amri mbili zimegongana mkononi mwako, na moja ina nguvu kuliko nyingine. Huwezi kusema ulitii. Ulichagua.

SAJINI: Nilichagua nikiwa na nini nyuma yangu? Hilo ndilo swali mnaloliruka. Mwalimu akionewa ana chama. Daktari ana chama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imetutoa sisi kabisa, pamoja na wanajeshi na polisi. Askari jela hana chama cha wafanyakazi. Aprili 2008 tulipogoma nchi ilishtuka, mahabusu hawakufika mahakamani, wake zetu wakatoka nje ya kambi na kuonyesha nyumba zetu. Chumba kimoja, familia mbili, katikati pazia. Mwanangu wa kwanza alijifunza kusoma upande mmoja wa pazia, huku mtoto wa jirani akilia upande wa pili usiku kucha. Ikaundwa kamati ya Marsden Madoka. Baadaye sana ikaja ya jaji mkuu mstaafu David Maraga, iliyotoa ripoti Novemba 2023, na Julai 2024 nyongeza ya mshahara kwa awamu ikaanza. Kati ya mgomo ule na ripoti hiyo ni miaka 15. Kwa miaka hiyo yote, askari aliyemwambia mkubwa wake hapana alikuwa anamwambia mtu mwenye uwezo wa kumhamisha kesho asubuhi, mke upande huu, watoto wa shule upande ule.

MAMA: Kwa hiyo ulikuwa unamwogopa mkubwa, na mwanangu anakuogopa wewe.

SAJINI: Ndivyo ilivyo, mama.

MAMA: Mwanangu anadaiwa aliiba mbuzi. Sisemi hakuiba, sisemi aliiba, mahakama itasema. Dhamana ilipotajwa tulikaa ukoo mzima tukachanga, haikutimia. Katiba anayoisoma mwalimu inasema masharti ya dhamana yawe ya kadiri. Kadiri ya nani? Basi yuko ndani. Kesi ikitajwa huku, yeye yuko kule, na katikati pana karibu kilomita 100. Mafuriko yakija, kama yale ya Novemba 2023 na yale ya Aprili mwaka uliofuata, barabara inamezwa, watu wanavuka kwa mashua. Siku nyingine wanasema atasikilizwa kwa video. Nimeingia nikamwona kwenye kioo, kichwa kimenyolewa, mtandao ukakatika akiwa anataka kusema jambo. Hakimu akaipa kesi tarehe nyingine. Niliyetaka kumuuliza ni askari aliyekuwa amesimama nyuma yake. Yule anajua kama mwanangu anakula. Anajua kama anakohoa usiku. Kuliko hakimu na kuliko mimi.

Maneno hayo ya Mama ningependa wasomaji wayashike kuliko yote yaliyotangulia, kwa maana mijadala yetu kuhusu magereza huishia kwenye sheria na bajeti. Idara ya Magereza imejiwekea wito wa Kurekebisha na Haki. Anayetarajiwa kurekebisha, kwa saa nyingi za kila siku, ni yule mtu mmoja anayejua nani anakohoa. Moody Awori alipochukua wizara iliyosimamia magereza 2003 na kufungua milango, waandishi na makanisa na misikiti wakaingia, magodoro yakaingia, televisheni zikaingia, Wakenya wakaona kwa macho yao. Wengi wa askari niliowahi kuwasikiliza wanakumbuka miaka hiyo kwa hisia mbili. Walifurahi kuonekana. Walikasirika kwamba magodoro yalifika kwa wafungwa, pazia likabaki chumbani mwao. Hasira hiyo ni halali, na haimpunguzii mfungwa haki ya kulala kwenye godoro.

MWALIMU: Sajini, nikuulize kitu kimoja. Katika utumishi wako wote, hukuwahi kukataa?

SAJINI: Nitakueleza, kisha utajua kwa nini niko upande huu wa hoja.

Haikuwa hapa. Ilikuwa gereza lingine, kabla sijaijua Tana. Nilikuwa lindo la usiku, nje ya bweni. Watu hudhani askari wa usiku ana ufunguo. Bweni likishafungwa na hesabu kuandikwa, funguo huenda ofisini. Wewe una tochi, filimbi na mlango wa chuma usioweza kuufungua. Imewekwa hivyo ili wakikuzidi nguvu wasipate njia. Kama saa saba hivi wakaanza kugonga ndani. Afande, huyu hapumui vizuri. Namulika kwenye tundu, namwona kijana amekaa, amejishika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Pumu. Wenzake wamempisha hewa, wengine wanampepea kwa mashati. Nikapiga filimbi, nikamtuma mwenzangu ofisini. Afisa wa zamu akasema ni mchezo, wanataka mlango ufunguliwe. Tungoje.

Nikatuma tena. Tungoje. Mara ya tatu niliacha lindo langu, nikaenda mwenyewe, nikasimama mbele ya meza yake na kumwambia nitaandika kwenye kitabu cha matukio, OB, saa ya kila ombi nililoleta na jibu nililopewa. Akaniangalia. Akachukua funguo.

MAMA: Kijana?

SAJINI: Alifika hospitali akiwa hai. Asubuhi nikaitwa. Nikaambiwa nimeacha lindo, jambo ambalo ni kosa, na kweli nililiacha. Nikaambiwa zile saa nilizoandika nizifute, niandike ombi moja tu. Nikakataa. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa na barua ya uhamisho kwenda Hola. Mke alibaki bara kwa sababu ya shule za watoto. Nilikuwa nawaona mara moja kwa mwaka, wakati mwingine hata mara hiyo haikupatikana. Mdogo aliponikaribisha mlangoni siku moja aliniita mjomba.

MWALIMU: Sajini, wewe umeiangusha hoja yako mwenyewe. Ulivunja amri mbili kwa usiku mmoja.

SAJINI: Sijaiangusha. Ulinisikia nikieleza gharama? Mnasimama hapa kuwaambia vijana wa Ruiru, walio chuoni leo wakifunzwa gwaride, kwamba kataeni amri mbaya, mkitii tutawalaumu. Nani atamlea mtoto wa aliyekataa? Mimi naunga mkono hoja kwa sababu sitaki askari alazimike kuwa shujaa ili aandike saa kwenye kitabu.

MWALIMU: Na wale wa 1959?

SAJINI: Wale...

MWALIMU: Nakuuliza kwa heshima. Mimi hupita na wanafunzi wangu kwenye makumbusho yao. Shule moja hapa Hola inaitwa Mau Mau Memorial, watoto wanavaa jina hilo kifuani. Wananiuliza, mwalimu, waliopiga walikuwa kina nani? Nawaambia walikuwa askari jela. Wanauliza, Wazungu? Nawaambia waliotoa amri walikuwa Wazungu, waliopiga walikuwa sisi. Kimya kinachofuata darasani siwezi kukieleza. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa karibu pauni milioni 20 kwa zaidi ya Wakenya 5,000 walioteswa enzi za hali ya hatari, na waziri wao wa mambo ya nje, William Hague, akaeleza masikitiko bungeni. Aliyekuwa na meza na wino amelipa, kwa kuchelewa na kwa kiasi kidogo. Sisi tulioshika rungu hatujasema lolote.

SAJINI: Usiku ule wa pumu, mwalimu, ningeweza kumwita hakimu? Ningeweza kumpigia daktari simu? Hapana. Kati yangu na dunia kulikuwa na mtu mmoja, naye alisema tungoje. Hola ya 1959 ilikuwa hivyo, mara elfu. Kambi ya mbali, barabara mbovu, wageni hawafiki. Sisemi waliopiga wana heri. Nasema waliwekwa mahali ambapo hakuna jicho lingine, na mahali kama hapo mtu wa kawaida huwa chochote anachoambiwa awe.

MWALIMU: Hapo tunakubaliana kuliko unavyodhani. Mpango wa Cowan uliandikwa. Mkuu wa kambi aliandika kuomba mwongozo. Karatasi zilikuwa nyingi. Kilichokosekana ni mtu wa nje wa kuzisoma kabla watu hawajafa. Daktari na hakimu walifika, wakafanya kazi yao, lakini walifika kwenye maiti.

SAJINI: Na mkifungua lango kwa wote, bangi inaingia ndani ya maembe, simu inaingia ndani ya mkate, na siku simu hiyo inapotumika kumtapeli mtu Nairobi, anayeulizwa ni mimi niliyepekua.

MAMA: Maembe yangu yapasue mbele yangu, afande. Yapasue yote. Kisha niingie.

Sajini alicheka. Mwalimu akapendekeza hoja iandikwe upya: askari anayekataa amri haramu alindwe na sheria, na anayeitii ashtakiwe pamoja na aliyeitoa. Sajini akasema hakubali neno "pamoja". Alitaka iandikwe kwamba aliyetoa amri ashtakiwe kwanza, kwa kuwa sahihi yake hujulikana, na rungu la nani lilimuua nani huwa halijulikani. Mwalimu akajibu kuwa hilo ndilo walilolisema 1959, na kwamba kwanza ya namna hiyo huwa haifuatwi na pili. Sajini akasema hata "kwanza" yenyewe 1959 haikufanyika, kwa hiyo hakuna anayejua ingefuatwa na nini.

MAMA: Hamjaweka la kwangu.

MWALIMU: Sema, mama, niandike.

MAMA: Andika kwamba askari akiulizwa na mzazi ni amri ya nani, ajibu kwa jina. Na huyo mwenye jina awe na ofisi, na ofisi iwe na siku yangu. Na yule askari aliyeandika saa za pumu asihamishwe.

SAJINI: Aliyehamishwa ameshazeeka, mama.

MAMA: Wa sasa. Yule aliyesimama nyuma ya mwanangu kwenye kioo. Jumatatu kesi inatajwa tena hapa Garsen. Nimeambiwa safari hii wataletwa kwa gari, barabara ni kavu. Nitakuwepo kabla hawajashuka, na nitamuuliza yule askari kama mwanangu anakohoa usiku.

SAJINI: Muulize akiwa ameshamkabidhi kwa karani wa mahakama. Kabla ya hapo hataweza kukujibu, bado anahesabu.